Maji au umeme chini ya sakafu? Jibu kwa familia inayokarabati nyumba Leicester

Swali: Tunaishi Leicester, kwenye nyumba ya miaka ya 1930 iliyoshikana na jirani upande mmoja. Tunajenga jiko jipya kwa nyuma, mita 5 kwa 4, na tunavunja bafu la juu lenye mita 4 za mraba ili tulijenge upya. Sebule ina sakafu ya mbao na zulia. Joto linatoka kwenye boila ya gesi ya combi (isiyo na tangi la maji moto) na radieta za kawaida. Fundi wa kwanza anasema tutandike waya za umeme kila mahali, ndiyo rahisi. Wa pili anataka kupitisha mabomba ya maji moto nyumba nzima. Mke wangu anachotaka ni kutokanyaga sakafu ya barafu asubuhi. Tufuate ushauri wa nani?

Jibu: Jikoni wekeni mabomba ya maji. Bafuni wekeni waya za umeme, lakini msiondoe radieta ya taulo. Sebuleni acheni radieta zilizopo na mshughulikie baridi inayopanda kutoka chini ya mbao. Mafundi wote wawili wameanza na bidhaa wanayoizoea. Kazi hii huanza na chumba: kinapoteza wati ngapi usiku wa baridi kali, na sakafu yake inaweza kutoa wati ngapi.

Upande wa sakafu hesabu ni fupi. Kila nyuzi moja ambayo uso wa sakafu unaizidi hewa ya chumba hutoa takriban wati 11 kwa mita ya mraba. Kiwango cha Ulaya kinachoongoza mifumo hii, EN 1264, kinataka uso usizidi nyuzi 29 mahali watu wanapokaa na 33 bafuni. Sakafu ya mbao watengenezaji wengi huiwekea kikomo cha 27. Kwa hiyo chumba cha nyuzi 21 chenye vigae kitapata kwa juu kabisa kama wati 88 kwa mita ya mraba, na chenye mbao kama 66. Hakuna bomba wala waya itakayovuka hapo bila kuwakera nyayo au kuhatarisha mbao, hata muuzaji aseme nini.

Sasa jiko lenu. Tuchukue nje nyuzi 3 chini ya sifuri na ndani 21, tofauti ya nyuzi 24. Kanuni za ujenzi za England zinataka kuta mpya za nyongeza ya nyumba zisipitishe zaidi ya wati 0.18 kwa mita ya mraba kwa kila nyuzi moja, sakafu vilevile 0.18, paa 0.15 na madirisha 1.4. Kuta tatu za nje, zenye jumla ya urefu wa mita 13 na kimo cha mita 2.4, ukitoa mita 8 za mraba za kioo, hupoteza wati 100. Kioo chenyewe hupoteza 269: angalieni jinsi mita 8 za kioo zinavyozidi kuta zote kwa mbali. Paa wati 72, sakafu si zaidi ya 86, na hewa inayoingia na kutoka, tukikadiria chumba kizima kibadilishe hewa mara moja kwa saa, 380. Jumla ni kama wati 900.

Makabati na friji havitandikiwi bomba chini yake, kwa hiyo katika mita 20 za mraba mtabaki na kama 15 zinazotoa joto. Wati 900 kwa mita 15 ni 60 kwa mita moja, na uso wa sakafu utahitaji kufika nyuzi 26.5 tu usiku ule mbaya kuliko yote. Siku za kawaida utakuwa 23 au 24. Hii ndiyo sababu jiko jipya linafaa: ni chumba kilichofungwa vizuri, na shimo la sakafu yake bado liko wazi mbele yenu. Ila mama wa nyumba aambiwe mapema kwamba sakafu ya nyuzi 24 haiunguzi mguu wala haihisiwi kama imepashwa. Inahisiwa kwamba si baridi, basi. Wengi hulalamika mfumo haufanyi kazi wakati unafanya kazi sawasawa.

Kwa nini isiwe umeme jikoni? Bei. Tuseme wastani wa siku ya Januari ni nusu ya zile wati 900, yaani uniti 10.8 za joto kwa siku. Mkilipa peni 26 kwa uniti ya umeme na peni 6.5 kwa ya gesi, waya zitakula pauni 2.80 kwa siku kwa chumba kimoja. Boila yenye ufanisi wa asilimia 88 itatumia kama peni 80. Pampu ya joto (mashine ya umeme inayovuta joto kutoka nje), ambayo kwa maji ya nyuzi 35 hutoa kama uniti nne za joto kwa kila uniti moja ya umeme, itatumia kama peni 70. Wekeni bei za mkataba wenu mahali pa zangu, uwiano hautabadilika sana. Waya ni rahisi siku ya kutandika. Gharama yake hukaa kwenye bili miaka yote.

Kosa kubwa kuliko yote kwenye jiko kama lenu hufanyika kabla fundi bomba hajafika. Mjenzi humwaga zege la chini juu mno. Hesabuni kutoka juu kushuka: kigae na gundi milimita 15, skridi (tabaka la kusawazisha linalofunika mabomba) ya saruji na mchanga 65 hadi 75, foamu ngumu ya kuzuia joto, aina ya PIR, 100 hadi 120. Uso wa zege unatakiwa uwe milimita 180 hadi 210 chini ya sakafu iliyokamilika. Mjenzi akiacha 120 kwa mazoea, kitakachopunguzwa ni foamu, kwa sababu skridi haiwezi kupungua na kigae hakipungui. Foamu ikibaki milimita 30 au 40, sehemu ya joto mnalolilipia itashuka ardhini, na mkaguzi wa ujenzi ana haki ya kuikataa. Andikeni namba hiyo ukutani kwa chaki kabla lori la zege halijafika, na mpime wenyewe kutoka usawa wa sakafu ya ukumbi.

Mpangilio ni huu: kifusi kilichoshindiliwa, mchanga mwembamba, nailoni nzito ya kuzuia unyevu, zege milimita 100, foamu, nailoni nyingine nyembamba, mabomba, kisha skridi. Nailoni ya juu ya foamu haiwekwi kwa ajili ya unyevu. Inazuia skridi isipenye kwenye maungio ya foamu, na mkitumia skridi ya majimaji ni ya lazima, tena iliyofungwa kwa utepe wa gundi kila ungio, kwa kuwa skridi hiyo hupenya kwenye tundu dogo kabisa na kuziinua foamu zielee. Pembeni mwa chumba chote, na kuzunguka kila nguzo, unapita utepe wa foamu laini wa milimita 8 au 10. Skridi ikipata joto hutanuka. Isipopata nafasi pembeni itajitafutia katikati, na mtaona ufa ukikata vigae kutoka kona moja hadi nyingine. Utepe uachwe umechomoza hadi vigae viwekwe, ndipo ukatwe. Wapo mafundi wanaoukata mapema ili pawe pasafi, halafu gundi ya vigae inajaza upenyo wote.

Mabomba: milimita 16, ya plastiki aina ya PE-RT au PEX yenye safu ya aluminiamu au kizuizi kingine cha oksijeni. Bila kizuizi hicho hewa hupenya plastiki polepole, na chuma cha boila na radieta huoza kwa ndani. Nafasi kati ya bomba na bomba iwe milimita 150, ambayo hula mita 6.7 za bomba kwa kila mita ya mraba. Kwa mita 15 za mraba ni mita 100 za bomba, bado safari ya kwenda na kurudi kwenye manifoldi, yaani kigawio cha maji ambako mizunguko yote huanzia na kuishia. Bomba la milimita 16 halipendi mzunguko unaozidi mita 100, maana pampu inachoka na maji yanafika mwisho yamepoa, kwa hiyo gawanyeni mizunguko miwili ya kama mita 55 kila mmoja, inayokaribiana urefu. Mmoja ukiwa mita 30 na mwingine 80, maji yatafuata njia fupi na nusu ya jiko itabaki baridi mpaka mtu akae kwenye manifoldi kusawazisha vali. Kila mzunguko utahitaji kama lita 1.3 kwa dakika, mkikubali maji yapoe nyuzi 5 kati ya kwenda na kurudi. Namba hiyo husomwa kwenye vioo vidogo vya manifoldi, na fundi anayeondoka bila kuvirekebisha hajamaliza kazi. Mbele ya milango ya kioo, upana wa mita moja hivi, bana nafasi iwe milimita 100, kwa sababu ndipo baridi inaposhukia. Chini ya skridi hakuna kiungo hata kimoja: kila mzunguko ni bomba moja zima kutoka manifoldi hadi manifoldi.

Kabla ya kumwaga skridi, jazeni maji, toeni hewa, na mpandishe presha hadi baa 6. Presha ikae, na iendelee kuwemo wakati mafundi wanamwaga, ili reki au toroli ikitoboa bomba muone maji papo hapo.

Skridi ya saruji ni nafuu na mjenzi yeyote anaijua, lakini hukauka kwa kasi ya milimita moja kwa siku kwa milimita 50 za kwanza, na baada ya hapo polepole zaidi. Milimita 65 hesabuni miezi miwili na nusu kabla ya mbao au vinili. Ile ya majimaji ya jasi humwagwa milimita 50, hukumbatia mabomba vizuri na hukubali joto mapema. Ina mawili ya kuangalia. Uso wake hutoa utando laini unaotakiwa kusagwa kwa mashine, na gundi ya vigae yenye saruji haitakiwi kuigusa moja kwa moja: jasi na saruji zikikutana kwenye unyevu huzalisha fuwele zinazotanuka na kung'oa vigae vikiwa vizima kabisa. Rangi ya kwanza ya kuziba ni lazima, au gundi ya jasi. Kwa jiko moja ningechagua saruji kama hamna haraka.

Kuwasha mara ya kwanza kunaharibu sakafu nyingi. Saruji inasubiri siku 21, jasi siku 7 au kama mtengenezaji alivyoandika. Kisha maji ya nyuzi 25 kwa siku tatu, ndipo yapandishwe hadi kiwango cha juu kilichopangwa na kukaa siku nne. Yote haya kabla ya vigae. Anayewasha nyuzi 45 siku ya kumi ili "ikauke haraka" anakausha uso huku tumbo bado ni bichi, na uso huo utapinda.

Sasa boila. Inatoa maji ya nyuzi 55 au 60 kwa ajili ya radieta, na jiko linataka 35 hadi 40, kwa hiyo manifoldi inahitaji vali ya kuchanganya na pampu yake. Tatizo ambalo mafundi hawalitaji ni ukubwa: jiko linataka wati 900, lakini boila nyingi za combi, hasa za zamani, haziwezi kushuka chini ya kilowati 5. Jiko likiita joto peke yake, boila huwaka, hujaa baada ya dakika mbili, huzima, huwaka tena. Gesi inapotea na vipuri vinachakaa. Ulizeni kiwango cha chini cha boila yenu, kiko kwenye kitabu chake. Kikiwa juu, pangeni saa za jiko ziendane na za radieta za chini, ili boila ipate mzigo wa kutosha inapowaka. Mkija kubadilisha boila, kiwango hicho cha chini kina uzito kuliko kile cha juu kinachoandikwa kwenye tangazo.

Na mkifikiria pampu ya joto, jiko litakuwa tayari. Ruzuku ya serikali kwa England na Wales ilipandishwa hadi pauni 7,500 Oktoba 2023, na tangu Juni 2022 kanuni za England zinataka mfumo mpya wa kupasha kwa maji upangwe kwa maji yasiyozidi nyuzi 55. Hilo halina maana kwamba mng'oe sakafu zote. Radieta kubwa zaidi hufanya kazi hiyo kwa sehemu ndogo ya gharama.

Ndipo tunafika sebuleni, na hapo fundi wa pili ndipo anapowapoteza. Nyumba ya 1930 ina mbao juu ya boriti, chini yake hewa inayopita kupitia matofali yenye matundu. Kuna namna mbili: mabati ya aluminiamu kati ya boriti yanayoshika bomba, au mbao za kutandika juu zenye mifereji ya bomba la milimita 12, zinazoinua sakafu milimita 15 hadi 20 na kuwalazimisha kukata milango. Zote zinaweza kufanya kazi. Lakini chumba chenye kuta za zamani kinaweza kutaka wati 80 au 100 kwa mita, na kwenye mbao kikomo ni 66 hata kabla ya zulia. Zulia na foamu yake vikizidi togi 2.5 kwa pamoja (togi ni kipimo cha jinsi kitambaa kinavyozuia joto), joto halipandi vya kutosha. Mtalipa maelfu ya pauni kisha muirudishe radieta. Badala yake inueni mbao, funga wavu chini ya boriti, jazeni sufi ya madini milimita 100, zibeni nyufa za pembeni na mrudishe zulia. Yale matofali yenye matundu msiyazibe hata mkihisi upepo: yakizibwa unyevu unabaki na boriti zinaoza. Na mtu asikate boriti ovyo kupitisha bomba. Mfereji wa juu usizidi moja ya nane ya kina cha boriti, na ukae karibu na ncha zake, kati ya asilimia 7 na 25 ya urefu kutoka ukutani.

Bafu ni hesabu tofauti. Mita 4, ukitoa beseni la kuogea, choo na kabati, hubaki kama 2. Mkeka wa umeme, yaani waya zilizoshikizwa kwenye wavu, wa wati 150 kwa mita utatoa wati 300. Bafu la ukuta wa zamani linaweza kupoteza wati 400 au zaidi, ndiyo maana radieta ya taulo inabaki. Kazi ya waya hapa ni ile aliyoiomba mkeo: sakafu kavu na vuguvugu saa moja asubuhi. Saa tatu kwa siku ni uniti 0.9, kama peni 23. Kwa hilo umeme unastahili, na hakuna haja ya kupandisha mabomba na manifoldi ghorofani.

Chini ya mkeka wekeni ubao wa foamu ngumu wa milimita 10 wa kubeba vigae. Bila huo mtapasha kwanza mbao za chini na dari ya chumba cha chini kabla vigae havijapata kitu. Wavu wa mkeka hukatwa ili kuugeuza, waya haikatwi kamwe wala haipandiani. Usipitishe chini ya kabati au chochote kinachokaa kikigusa sakafu, maana joto lisilo na pa kutokea huunguza waya. Waya ikizidi, mmenunua mkeka mkubwa. Rudisheni dukani, msiukunje ukutani.

Fundi apime ukinzani mara tatu: mkeka ukitoka kwenye boksi, baada ya kutandikwa, na baada ya vigae. Mkeka wa wati 300 kwa volti 230 husoma takriban omu 176. Namba halisi iko kwenye kibandiko chake, na tofauti kubwa maana yake waya imejeruhiwa. Vipimo viandikwe na vitiwe saini, bila hivyo dhamana nyingi hazilipi. Kihisio cha joto kipite ndani ya kijibomba chake, katikati ya nyaya mbili, ili kikifa kivutwe na kubadilishwa bila kuvunja kigae. Thermostati na swichi yenye fyuzi zikae nje ya bafu, na saketi ilindwe na swichi ya kukata umeme unaovuja ya miliampea 30. Hii ni kazi inayotakiwa kutolewa taarifa kwa mamlaka ya ujenzi, au ifanywe na fundi umeme aliyesajiliwa kujithibitishia mwenyewe. Gundi na chokaa ya vigae vikauke siku 7 hadi 14 kabla ya kuwasha.

Turudi jikoni kwa matumizi. Skridi hiyo ya mita 20 na kina cha milimita 65 ina uzito wa kama tani 2.6. Ni kama chungu cha udongo, inachelewa kupata moto na inachelewa kupoa: kuipandisha nyuzi 5 tu hula uniti 3.6 kabla hewa haijaona chochote. Kwa hiyo msiizime mchana na kuiwasha jioni kama radieta. Shusheni nyuzi 2 au 3 usiku na muianzishe saa mbili au tatu kabla ya kuamka. Siku ya jua kali kupitia ile milango ya kioo, chumba kitazidi joto kwa muda, na hakuna thermostati itakayolizuia hilo kabisa. Mkipunguza joto la maji, kosa linakuwa dogo, kwa hiyo teremsheni vali ya kuchanganya hadi muone jiko limeshindwa, kisha mpandishe kidogo.

Mkirudi kwa mafundi, mwenye bei aje na vitu vilivyoandikwa: upotevu wa joto wa kila chumba kwa wati, mchoro wa mizunguko na urefu wa kila mmoja, joto la maji alilopangia, unene wa foamu, na nani atafanya jaribio la presha. Anayekuja na bei kwa mita ya mraba peke yake anauza bomba tu. Na siku moja kabla ya skridi pigeni picha sakafu yote, futi ya kupimia ikiwa imelazwa kutoka ukutani. Mtu wa makabati atakuja kutoboa sakafu ili kufunga meza ya katikati, na fundi wa milango atataka kuweka kizuizi chake kwa skurubu. Wote wawili wapewe picha hizo kabla hawajachomeka drili.